Damu ya Nyangwe na Kalamu ya Waingereza

(Mazungumzo yaliyofanywa Nyangwe mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji. Twayachapa kama yalivyosemwa.)

Ndugu zangu wafanyakazi, wazee wetu, mama zetu mliokuja na vikapu vyenu moja kwa moja kutoka sokoni, vijana mliotoka Namoya na Kampene!

Nimeombwa niseme juu ya vitabu. Najua wako waliokwisha kunong'onezana: "Vitabu vitatupa nini? Sisi twataka habari za mshahara, za bei ya dhahabu, za barabara ya Kasongo." Nawaomba mnivumilie. Mwisho wa maneno yangu nitarudi kwenye mshahara na kwenye mzani. Lakini kwanza nitawaonyesha kwamba mji huu tunaokaa uliwahi kubadili sheria katika mji wa London, na haukufanya hivyo kwa bunduki. Ulifanya hivyo kwa karatasi. Kisha nitawaonyesha kwamba karatasi zile zile zikatumiwa kutufunga. Mtu asiyejua mambo haya mawili kwa pamoja huibiwa mara mbili.

Tuanze kwa Waingereza wenyewe, nyumbani kwao. Msidhani ya kuwa kwao watu wote walikuwa mabwana. Tarehe 4 Julai 1838, katika mgodi wa makaa ya mawe karibu na kijiji cha Silkstone, mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia mgodini, watoto 26 wakafa. Sikilizeni vizuri, nasema watoto, wavulana na wasichana, wengine wa miaka saba na minane. Walikuwa wakifanya kazi chini ya ardhi, gizani, kwa ujira mdogo sana. Serikali ikaunda tume, na tume ikaandika yale iliyoyaona na kuyasikia. Jambo kubwa ni kwamba ripoti ile ilitolewa mwaka 1842 ikiwa na picha zilizochorwa, zikionyesha mtoto amefungwa mnyororo kiunoni akivuta gari la makaa kama punda. Mabwana waliokuwa wakiota moto wa makaa hayo majumbani mwao wakatahayari. Mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria kwamba wanawake wote, na wavulana walio chini ya miaka kumi, wasishuke tena mgodini. Mwaka uliofuata, 1843, mwanamke mshairi, Elizabeth Barrett Browning, akatunga shairi juu ya kilio cha watoto wale, likachapwa katika jarida lililoitwa Blackwood's. Likumbukeni jina hilo, tutalikuta tena huku Kongo.

Basi hivyo ndivyo maandishi ya Waingereza yalivyofanya kazi katika mambo ya kutengeneza maisha ya watu. Mtu huona, huandika, wengine husoma, wenye mamlaka huona haya, sheria hubadilika. Lakini msidhani kwamba waandishi wao walikuwa mashujaa siku zote. Wafaransa walipofanya mapinduzi mwaka 1789, mshairi kijana Wordsworth alishangilia na akaenda Ufaransa kujionea mwenyewe. Alipozeeka akaogopa, akawa mtu wa Serikali, akapewa cheo cha mshairi wa Malkia. Thomas Paine yeye hakugeuka. Aliandika kitabu juu ya haki za watu, kwa maneno mepesi ambayo hata fundi wa viatu aliweza kuyafahamu, na mwaka 1792 Serikali ya Uingereza ikamhukumu kwa kitabu hicho hali yeye yuko Ufaransa. Ndivyo ilivyo: mwandishi akilia juu ya watoto maskini, watu humsifu. Akisema maskini wana haki ya kutawala, huitwa mhalifu. Lishikeni neno hilo, maana litarudi.

Sasa njooni Nyangwe.

Mwisho wa mwezi wa Machi 1871 alifika hapa mzee mmoja Mskoti, mgonjwa, amechoka, akitafuta chimbuko la mto Nile. Huyo ni David Livingstone. Aliuona mto wetu Lualaba, akataka mitumbwi ya kuvukia, na watu hawakumpa, maana hawakuwa na sababu ya kumwamini mgeni yeyote. Akakaa hapa miezi mitatu na zaidi. Wino ulimwishia, karatasi zikamwishia. Akachukua gazeti la zamani la London, akaligeuza, akaandika juu ya maandishi yake kwa maji mekundu ya mmea. Na kitu alichokipenda kuliko vyote katika mji huu kilikuwa soko. Mama zetu wa wakati ule walivuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, chumvi, mafuta, pilipili, muhogo, kuku, vyungu. Walibishana bei, walicheka, walitaniana. Yeye alikaa akiwatazama, akaandika.

Tarehe 15 Julai 1871 watu kama elfu moja na mia tano walikuwa sokoni. Wakaingia watu wenye bunduki, watu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe. Livingstone alishangaa, maana si desturi kuingia sokoni na bunduki. Mmoja wao akaanza kugombana juu ya bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia. Wanawake wakatupa bidhaa zao, wakakimbilia mitumbwi iliyosongamana katika hori ndogo, isiweze kutoka. Wengine wakajitupa mtoni wakiogelea kuelekea kisiwa cha mbali, na vichwa vyao vikatoweka kimoja kimoja majini. Wakubwa wa msafara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya pili watu wa Tagamoio walikuwa wakichoma vijiji, na Livingstone akahesabu moshi wa vijiji 17. Alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake. Dugumbe akamzuia, asije akajitia katika kisasi cha damu. Baada ya siku chache akaondoka Nyangwe akarudi Ujiji, moyo umevunjika.

Pale Ujiji, mwaka ule ule, Stanley akamkuta. Livingstone alibaki Afrika akafa tarehe 1 Mei 1873, lakini barua zake Stanley alizichukua. Mwaka 1872 habari ya soko la Nyangwe ikasomwa Uingereza katika magazeti. Watu wasioweza kuionyesha Maniema kwenye ramani wakalia kwa ajili ya wanawake wa Nyangwe. Kabla ya hapo Bunge lao lilikwisha kuchunguza biashara ya watumwa ya pwani, lakini mambo yalikuwa yakienda polepole. Sasa Serikali haikuweza kukaa kimya. Ikampeleka Sir Bartle Frere Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Utumwa wenyewe haukuisha siku ile, maana ulidumu Unguja mpaka sheria ya mwaka 1897. Lakini soko lilifungwa, na damu ya soko moja ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyofunga soko lingine.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililowaahidi. Je, tushukuru? Tushukuru, ndiyo, maana mtu aliyeona maovu akayaandika amefanya kazi ya haki. Lakini tusishukuru kwa macho yaliyofumbwa. Katika maandishi yale mna kasoro tatu, nami nitazitaja moja moja.

Ya kwanza: mamia ya watu wamekufa, nasi hatuna majina yao. Dugumbe ana jina. Tagamoio ana jina. Mwandishi ana jina, na kuna mji unaoitwa kwa jina lake. Mwanamke aliyekuwa akiuza samaki hana jina. Waingereza walimlilia bila kumwuliza yeye wala nduguze neno lolote.

Ya pili: maandishi yale yalisafishwa. Mwaka 2011 wataalamu walizipiga picha zile karatasi za gazeti kwa mwanga wa namna nyingi, maandishi yaliyofifia yakasomeka tena. Ikaonekana kwamba yale Livingstone aliyoyaandika hapa Nyangwe siku zile hayakuwa sawasawa na yale aliyoyanakili baadaye katika daftari lake zuri, yale yaliyokuja kuwa kitabu kilichochapwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake. Kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe, aliokuwa akigombana nao sana, mambo kadhaa yaliachwa au yalilainishwa, hata wataalamu wakauliza kama baadhi yao walitia mkono katika fujo zile. Simtukani marehemu. Nasema tu: kila mwenye kalamu ana jambo analolificha, hata mwema.

Ya tatu ndiyo iliyotuumiza zaidi. Baada ya Livingstone akaja Cameron mwaka 1874, akaandika kitabu. Stanley akaja mwaka 1876, akashuka mto huu pamoja na Tippu Tip, akaandika kitabu chake mwaka 1878. Vitabu vile vilisomwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mtu ambaye hakuikanyaga Kongo hata siku moja. Yeye alisoma kama mfanyabiashara anavyosoma. Pale Mwingereza alipolia, yeye alihesabu. Mwaka 1876 aliwaita wasomi na wasafiri Brussels, akasema: tuwaokoe Waafrika na biashara ya watumwa. Akamwajiri Stanley yule yule, na mwaka 1885 mataifa yakamtambua kuwa mwenye nchi. Damu ya mama zetu ikawa hati yake ya kuingilia.

Mnajua yaliyofuata. Mwaka 1887 alimpa Tippu Tip cheo cha wali wa Stanley Falls, kwa maana alimhitaji. Alipokuwa hamhitaji tena, vita. Askari wa Dhanis waliitwaa Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Pamoja nao alikuwako daktari Mwingereza, Hinde, naye akaandika kitabu mwaka 1897. Asema katika kitabu hicho kwamba mji wa Nyangwe, uliokuwa na maelfu ya watu na nyumba nzuri, kwa majuma machache ulibaki nyumba moja kubwa yenye boma na kambi ya askari kuizunguka. Basi hesabuni: mwaka 1871 soko liliuawa na wenye kufanya biashara ya watumwa. Mwaka 1893 mji mzima uliteketezwa na waliosema wamekuja kuikomesha biashara ile.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana jambo hili linagusa nyumba zetu. Wako watu hata leo ambao wakisikia habari za Watambatamba humtazama jirani mwenye kanzu na kofia, wakasema, "Hao ndio." Na wako wengine ambao hukataa habari nzima, wakisema ni uongo wa Wazungu. Nawaambia wote wawili: acheni. Habari ni ya kweli, mauaji yalitokea. Lakini walioshika bunduki katika misafara ile walitoka kila kabila, wengi wao vijana wa humu humu Maniema waliochukuliwa wakiwa wadogo. Ngongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip, mwaka 1892 akahamia kwa Wabelgiji, akawapigania, na Septemba 1893 Wabelgiji hao hao wakampiga risasi. Ukianza kutafuta wajukuu wa wenye hatia, utafika mpaka mlangoni pako mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilifurahi tulipogawanyika hivyo. Iliwafanya Waislamu wa Kasongo na Nyangwe kuwa watu wa kushukiwa, huku ikichukua kodi kwa wote bila kuuliza dini. Mto ule ulimeza watu wetu wote. Kumbukumbu yake iwe yetu sote.

Sasa twende kwenye mpira. Bula Matari alipokwisha kuishika nchi, alitaka pembe na mpira. Kijiji kisicholeta mpira wa kutosha kilipigwa, wanawake wakafungwa mateka, watu wakakatwa mikono. Na ni nani aliyefichua siri hiyo mbele ya dunia? Wengi walisema, na mmoja wa kwanza alikuwa Mmarekani mweusi, George Washington Williams, aliyemwandikia Leopold barua ya wazi mwaka 1890. Lakini mtu aliyeleta kishindo kikubwa alikuwa karani. Nasema karani, mtu wa kuandika hesabu katika kampuni ya meli ya Liverpool. Jina lake E. D. Morel. Hakuwa amefika Kongo. Yeye alitazama vitabu vya meli tu. Akaona meli zinakuja zimejaa mpira na pembe za thamani kubwa. Akaona zinarudi na nini? Bunduki, risasi, na bidhaa kidogo sana za kuwalipa watu. Akajiuliza swali ambalo mchimbaji yeyote hapa angejiuliza: ikiwa hawapewi malipo, kwa nini wanafanya kazi? Na jibu likawa katika yale masanduku ya risasi.

Morel akaacha kazi, akaanzisha gazeti mwaka 1903. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likataka Serikali ichunguze. Konsuli wao hapa Kongo, Roger Casement, Mwairishi, akapanda mto miezi kadhaa, akasikiliza watu, akaandika ripoti iliyotolewa mwanzo wa mwaka 1904. Mwezi wa Machi 1904 Morel na wenzake wakaunda chama cha kudai mabadiliko ya Kongo. Mama mmoja mmisionari, Alice Seeley Harris, akapiga picha za watu waliokatwa viungo, na picha zile zikaonyeshwa katika makanisa na kumbi za Uingereza, kama zile picha za watoto wa makaa zamani. Mwaka 1909 Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, akaandika kitabu juu ya uhalifu wa Kongo, akazunguka akihutubu pamoja na Morel. Leopold alijaribu kununua magazeti ili yamtetee, lakini hakuweza kuuzima moto. Tarehe 15 Novemba 1908 nchi ikatoka mkononi mwake, ikawa ya dola ya Ubelgiji.

Na Blackwood's je? Mwaka 1899, jarida lile lile lililochapa shairi la watoto wa mgodini lilichapa hadithi ya Joseph Conrad juu ya mto Kongo. Conrad alizaliwa Mpolandi chini ya utawala wa Warusi, na baba yake alipelekwa uhamishoni kwa kushiriki harakati za uhuru. Mwaka 1890 alifanya kazi katika meli ya mto mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Aliuona uongo wa waliosema wanaleta ustaarabu, akauchana. Lakini mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nigeria akasimama katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, akauliza: katika hadithi hii, Mwafrika yuko wapi? Anapiga kelele gizani, anakufa chini ya mti, hana maneno, hana jina. Ni swali lile lile la mwanamke wa soko la Nyangwe. Adui wa Leopold naye alituandika kama kivuli.

Wala msidhani watu wetu hawakusema. Leopold alipobanwa alilazimika kuleta tume ya uchunguzi, mwaka 1904 na 1905. Mbele ya tume ile akaja mzee mmoja, chifu Lontulu wa Bolima. Hakuwa na kalamu. Alikuja na vijiti 110. Akaviweka mezani kimoja kimoja: hiki ni cha mkubwa wa ukoo, hiki cha mwanamume, hiki cha mwanamke, hiki cha mtoto. Kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Ndugu zangu, hicho nacho ni kitabu. Naona ndicho kitabu kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja leo. Lakini maneno ya mashahidi wale yalifungiwa katika nyaraka za Serikali ya Ubelgiji kwa muda mrefu sana, huku vitabu vya wageni vikiuzwa madukani. Kusema tulisema. Hatukuwa na mahali pa kuchapa.

Sasa lirudie lile neno nililosema lishikwe: kulia juu ya maskini na kusimama na mapinduzi si kitu kimoja. Casement alipoandika juu ya Kongo, na baadaye juu ya Wahindi wa mpira wa Putumayo kule Amerika ya Kusini, Waingereza walimpa cheo cha Sir, mwaka 1911. Lakini alikuwa amejifunza jambo. Akaitazama nchi yake ya Ireland, akaona kwamba nayo ni koloni. Mwaka 1916 akajiunga na mapinduzi, akashikwa, akahukumiwa kifo. Hapo waandishi wakapimwa. Conan Doyle alipeleka maombi asinyongwe. Bernard Shaw alimwandikia maneno ya kujitetea mahakamani. Conrad, rafiki aliyekutana naye Matadi mwaka 1890, alikataa kutia sahihi. Casement akanyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Morel naye alipoipinga vita kuu ya 1914 alitiwa gerezani miezi sita mwaka 1917. Watu walewale waliopigiwa makofi walipotaja dhambi za Mbelgiji waliadhibiwa walipozitaja za Mwingereza.

Na katika vita ile ile, tarehe 19 Septemba 1916, askari wa Kongo waliingia Tabora. Nyuma yao walikuwako wachukuzi, wengi kuliko askari, wakibeba risasi na chakula vichwani, na njaa na magonjwa yaliwaua njiani. Washairi wa Kiingereza kama Wilfred Owen na Siegfried Sassoon waliandika maneno makali juu ya vijana wao waliokufa matopeni Ufaransa, na maneno yale yanasomwa shuleni duniani kote mpaka leo. Je, ni shairi gani linalosomwa shuleni juu ya mchukuzi wa Maniema? Waliobaki nyumbani walianza kulimishwa pamba ya lazima tangu mwaka 1917. Babu zetu waliimba habari zao, lakini nyimbo huzeeka pamoja na waimbaji.

Basi nafika kwenye mzani, kama nilivyoahidi.

Kutoka katika ulimwengu ule wa Kasongo na Nyangwe tunacho kitabu kimoja mashuhuri kilichotungwa kwa Kiswahili: maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Kisomeni, Kiswahili chake ni kizuri. Lakini ni kitabu cha mwenye pembe. Aliyeibeba pembe hakuandika. Miaka mingi baadaye kijana mmoja alifanya kazi Kalima, katika kampuni ya bati, kabla ya kwenda Stanleyville kuwa karani wa posta. Huyo alikuwa Patrice Lumumba. Alijisomea usiku, akaandika katika magazeti, na tarehe 30 Juni 1960 alisimama mbele ya Mfalme Baudouin akataja matusi, fimbo na kazi ya kulazimishwa, kwa kinywa cha yule aliyetendewa. Ndiyo maana maneno yale yalitisha. Wageni walikuwa wamekwisha kusema hivyo tangu zamani. Kilichotisha safari hii ni nani aliyesema.

Uhuru wa bendera tuliupata siku ile. Lakini mchimbaji anapopeleka mchanga wake kwa mnunuzi, mzani ni wa nani? Daftari ni la nani? Shimo likiporomoka, nani anaandika majina ya waliofukiwa? Mtoto wa miaka kumi akionekana anabeba mawe, nani anaandika umri wake, siku, na jina la mwenye shimo? Mgeni akija na kamera ataandika, nasi hatumkatazi. Atarudi kwao, atasifiwa, labda sheria itapita huko mbali. Lakini tumekwisha kuona kwamba huruma ya mgeni ina milango miwili: mmoja wa kutokea mateka, na mwingine wa kuingilia bwana mpya.

Kwa hiyo naweka mbele yenu mambo matatu, si makubwa.

La kwanza, kila kikundi cha wachimbaji kiwe na daftari na mtu wa kuliandika. Uzito uliopimwa, bei iliyotolewa, siku, jina la mnunuzi. Morel alimwangusha mfalme kwa hesabu za meli. Nanyi andikeni hesabu za shimo.

La pili, wazee wanaojua majina ya waliokufa, katika vita vyovyote, katika shimo lolote, waketi na vijana wayaandike. Asiyejua kuandika alete vijiti, tutaandika sisi.

La tatu, kila tarehe 15 Julai tuteremke mtoni kwa pamoja, Mwislamu na Mkristo, mwungwana na Mgenya, mtu wa mji na mtu wa mgodi, na mama zetu wa soko watangulie. Hatutalipiza kisasi kwa mtu. Tutasimama tu, tusome habari ya siku ile kwa lugha yetu.

Nimemaliza, ndugu zangu. Jua linashuka na wengine mna safari ya kuvuka. Daftari la kwanza nimelileta mimi, liko hapa mezani, ni tupu. Atakayekuja kulichukua aandike jina lake ukurasa wa kwanza kabla hajatoka nalo mlangoni.